Anzeni Kulisoma Jarida kwa Nyuma

Hotuba kwa wasanifu kurasa chipukizi

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu mliopo, na ninyi vijana mliokuja na kompyuta zenu mgongoni, nawashukuru kwa kunikaribisha.

Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie majalada ya majarida ya muziki. Naelewa. Jalada ndilo linalobandikwa ukutani, ndilo linaloshinda tuzo, na kila msanifu kurasa niliyewahi kufanya naye kazi ana jalada lake moja analolitaja kama mzazi anavyomtaja mtoto aliyefaulu. Lakini muda mwingi wa kazi yangu haukuishia kwenye jalada. Uliishia nyuma: uhakiki wa albamu, chati, ratiba za maonyesho, barua za wasomaji. Kurasa ambazo hakuna anayezitundika popote.

Mtazameni mtu anayelipenda kweli jarida la muziki anavyolishika. Analipindua. Kidole gumba kinaanzia nyuma, kinakuja mbele. Anaitafuta albamu aliyoinunua juzi, aone imepewa nyota ngapi, agombane kimoyomoyo na mhakiki, ndipo arudi mbele kusoma mahojiano. Kwa hiyo mtaniwia radhi. Jalada nitalipita kama mtu anavyopita sebuleni kwa watu akielekea jikoni.

Sebuleni, basi. Desturi nyingi za jalada hazikutungwa na wasanii, zilitungwa na rafu. Majarida yalipangwa kwa kulaliana, moja likifunika sehemu ya jingine, kinachobaki wazi ni ukanda wa juu na theluthi ya kushoto. Ndiyo maana jina la jarida likapanda juu na vichwa vya habari vikajibana kushoto. Jarida la Q la Uingereza, lililoanza 1986, lilimaliza shida hiyo kwa herufi moja nyeupe ndani ya mraba mwekundu, pembeni kushoto juu. Hata ukiliona kwa upana wa vidole vitatu, umelitambua. Kerrang!, lililozaliwa 1981, limebeba jina ambalo ni mlio wa gitaa la umeme, na jina hilo likaandikwa kwa herufi zenye nyufa, kama kioo kilichopigwa jiwe. Macho yanasoma, sikio linasikia.

Halafu kuna ile desturi ya kichwa cha mwanamuziki kufunika herufi mbili tatu za jina la jarida. Jarida likifanya hivyo linamwambia msomaji: mimi na wewe tunafahamiana, sihitaji kujitambulisha. Jarida lenye umri wa miezi mitatu likiiga, muuza magazeti anauliza hili ni jarida gani. Mimi nimeulizwa.

Twende kurasa za kati, ambako mahojiano makubwa hukaa. Hapa desturi ni kurasa mbili zinazotazamana: picha imejaa upande mmoja, kichwa cha habari upande wa pili, maandishi yanaanza kidogo tu chini au yanasubiri ukurasa ufunuliwe. Ni kama mwanamuziki kusimama jukwaani bila kuimba kwanza, watu wamtazame. Fred Woodward, aliyeingia jarida la Rolling Stone la Marekani mwaka 1987 akawa mkurugenzi wake wa sanaa, alifungua mahojiano hayo kila mara kwa herufi za namna nyingine, zikapandishwa, zikalazwa, zikajazana ukurasa mzima. Na bado ukijua jarida hukosei. Siri yake ilikuwa fremu: mistari miwili, mmoja mnene na mmoja mwembamba, inayozunguka ukurasa, ambayo jarida lilikuwa nayo zamani na yeye akairudisha. Ndani ya ua ule alicheza atakavyo, kwa sababu ua haukuhama.

Neville Brody naye, kwenye The Face la Uingereza, alifanya jaribio ninalolipenda zaidi. Mnamo 1984, toleo baada ya toleo, alilibomoa polepole lile neno linalokaa juu ya ukurasa wa yaliyomo. Kwanza likapungua kidogo, kisha likavunjika, mwisho zikabaki alama ambazo hakuna mtu angeweza kuzitamka. Wasomaji hawakupotea. Ukurasa waliutambua kwa mahali pake na umbo lake, neno lenyewe walikuwa wameacha kulisoma zamani. Kila mara mhariri anaponisihi niweke kichwa kikubwa cha “Uhakiki” juu ya kurasa za uhakiki, jaribio hilo ndilo hunijia.

Na hapo ndipo kijana mmoja hunyanyua mkono kunikumbusha David Carson. Hakosekani. Carson alikuwa msanifu wa jarida la Ray Gun la Marekani, na mwaka 1994 alipewa mahojiano na mwimbaji Bryan Ferry, akayaona yanachosha, akayapanga yote kwa fonti ya Zapf Dingbats, ambayo haina hata herufi moja: ina nyota, mikasi, mishale, mikono inayonyoosha kidole. Vijana huniletea kisa hiki kama leseni. Huwa nawauliza: unajua kwamba mahojiano yaleyale yalichapwa pia kwa herufi za kawaida, nyuma ya toleo hilohilo? Wengi hawajui. Yule muasi tunayemwimba miaka yote alifanya fujo zake katikati, lakini nyuma watu waliendelea kusoma.

Kabla sijaingia jikoni niseme mawili kuhusu picha.

La kwanza ni mshono, pale kurasa mbili zinapokutana. Jarida lililobanwa kwa pini hufunuka vizuri, hasa kurasa za katikati kabisa. Lililobandikwa kwa gundi halifunuki lote, linameza milimita kadhaa kila upande. Sasa chukua picha ya kundi la watu watano, uitandaze kurasa mbili. Nani anaangukia mshononi? Wa tatu. Na wa tatu, yule wa katikati, kwa kawaida ndiye mwimbaji kiongozi. Unabaki na wapiga ala wanne wenye afya njema na mwimbaji mwenye nusu pua. Sogeza picha, kata upande mmoja, fanya lolote, lakini mwimbaji asimezwe.

La pili nalisema kwa aibu. Desturi inataka uso kwenye picha utazame ndani ya ukurasa, kuelekea maandishi, kwa sababu msomaji hufuata macho ya anayemtazama. Nilikuwa na picha ya mpiga gitaa ya kuweka ukurasa wa kulia, naye anatazama kulia, nje kabisa, kama anasubiri gari. Ilikuwa usiku, kiwanda cha uchapaji kinapiga simu. Nikabonyeza kitufe kimoja nikaigeuza picha. Akatazama ndani. Nilijipongeza, nikaenda kulala.

Barua zilianza kuja wiki hiyohiyo. Mtu yule anapiga kwa mkono wa kulia, maisha yake yote, na mimi nilikuwa nimemfanya wa mkono wa kushoto. Jina la mtengenezaji kwenye kichwa cha gitaa lilisomeka kinyumenyume. Msomaji mmoja aliuliza kama bwana yule amejiunga na dhehebu la Hendrix. Alinipata hasa, kwa sababu Jimi Hendrix alipiga kwa mkono wa kushoto gitaa lililotengenezwa kwa wa mkono wa kulia, amelipindua juu chini, na watu wanaojua gitaa wanajua vifungo vyake vilikaa wapi. Mpiga picha za wanasiasa anaweza kugeuza picha asigunduliwe mpaka atokee mtu mwenye kuangalia vishikizo vya shati. Sisi hatuna nafasi hiyo. Piano ikigeuzwa, mfuniko unafunguka upande usiowezekana. Zumari, fidla, hata namna ya kushika vijiti vya ngoma, kila ala ina mkono wake, na msomaji wetu ameshika ala hizo kwa mikono yake mwenyewe.

Dawa ilikuwa nini? Kuihamishia picha ukurasa wa kushoto na maandishi kulia. Dakika kumi. Desturi ya uso kutazama ndani ni nzuri, ila ni ya macho tu, na ikigongana na ukweli wa ala, ala ndiyo inayobaki. Marekebisho yangu yalichapwa mistari mitatu, herufi ndogo, kurasa za nyuma. Wote waliyasoma.

Haya, jikoni.

Kitu cha kwanza mtakachokiona kwenye kurasa za uhakiki ni mraba. Tangu Alex Steinweiss aanze kuzichorea santuri za kampuni ya Columbia majalada yenye picha, karibu na mwaka 1940, albamu imekuwa na sura, na sura hiyo ni mraba. Jalada la santuri kubwa lina kama sentimita 30 kila upande. Sisi tunaliweka kwenye ukurasa likiwa na sentimita 3. Pigeni hesabu: eneo linalobaki ni sehemu moja kati ya 100. Herufi iliyokuwa na kimo cha sentimita 2 inakuwa milimita 2, na ile ndogo ya pembeni inakuwa vumbi. Kwa hiyo ule mraba haupo ili usomwe. Upo ili msomaji akiuona dukani au kwenye rafu ya rafiki yake aseme, ndiyo hii. Unafanya kazi ya uso kwenye kitambulisho.

Kwa sababu jalada halisomeki, jina lazima lisomeke, na hapa ndipo ilipozaliwa ile mistari miwili juu ya kila uhakiki ambayo hakuna anayeitazama kama usanifu: msanii kwa herufi nzito, jina la albamu kwa herufi za mlazo, kampuni ya kurekodi kwa herufi za kawaida. Mpangilio uleule, kila safari. Mkivuruga mara moja tu, mkatanguliza albamu kabla ya msanii, msomaji anakwama, kwa sababu yeye hasomi mistari ile, anaitembeza macho kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya matokeo ya mtihani.

Mraba huo ndio tofali la ukurasa mzima. Safu iwe na upana wa mraba, au wa miraba miwili kamili. Nikiona safu ya sentimita 4 na nusu imebeba mraba wa sentimita 3, na maandishi yamejipenyeza pembeni neno moja moja, najua msanifu alianza na maandishi akakumbuka picha baadaye. Anzeni na mraba. Na msiukate. Picha ya mwanamuziki tunaikata tupendavyo, lakini jalada la albamu ni kazi ya msanifu mwenzetu iliyokwisha kamilika, na pembe zake nne ni zake. Usiandike juu yake, usilizungushe kidogo ili lionekane changamfu. Kama jalada ni jeupe, kama lile maarufu la The Beatles la 1968, lizungushie mstari mwembamba kama unywele, la sivyo linayeyukia kwenye karatasi na msomaji anadhani mmesahau picha.

Nyota. DownBeat, jarida la jazi la Chicago, limezoea kutoa nyota zisizozidi tano. The Source, jarida la hiphop lililoanza 1988, badala ya nyota liliweka maikrofoni, na kupata maikrofoni tano likawa jambo la kujivunia mitaani. Kwenye usanifu kuna mambo mawili ya kuamua, na watu huamua moja tu. La kwanza: zile zilizokosekana zionyeshwe? Mimi nasema ndiyo, kwa mzingo mtupu usiojazwa wino, kwa sababu nyota tatu peke yake ni tatu tu, lakini nyota tatu na mbili tupu ni hukumu. La pili, na hapa nimegombana na wahariri watatu, ni mahali pa kuziweka. Wao huzitaka juu, karibu na jina. Mimi nazitaka mwisho wa uhakiki. Zikikaa juu, mwandishi aliyesikiliza albamu mara sita na kuandika maneno 150 kwa uangalifu amefanya kazi bure. Katika magomvi yote matatu nilishindwa, na bado nadhani nilikuwa sahihi.

Sasa chati, ukurasa unaoonekana rahisi kuliko yote na ambao ndio hunionyesha kama kijana anaijua kazi.

Chati ya kwanza ya nyimbo Uingereza ilitoka kwenye jarida, NME (New Musical Express), tarehe 14 Novemba 1952. Percy Dickins wa jarida hilo alipiga simu kwenye maduka kama 20, akauliza kinachouzwa, akajumlisha. Ilikuwa na nafasi 12, lakini nyimbo zilikuwa 15 kwa sababu kadhaa zilifungana. Aliyeshika namba moja ni Al Martino. Fikirini usumbufu wa mpanga herufi siku ile: namba ileile ikirudiwa mara mbili, safu inahesabu 12 lakini mistari ni 15. Tatizo la usanifu lilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Karibu miaka sita baadaye, tarehe 4 Agosti 1958, Billboard la Marekani likaanza kutoa orodha ya nyimbo 100. Mistari 100, na kila mstari una nafasi ya wiki hii, nafasi ya wiki iliyopita, wimbo, msanii, kampuni. Ukurasa kama huo hauokolewi na rangi wala picha. Unaokolewa na tarakimu.

Sogeeni karibu niwaonyeshe. Kwenye fonti nyingi tarakimu 1 ni nyembamba na 8 ni pana. Kwenye sentensi hilo ni zuri, namba zinatiririka kama maneno. Kwenye chati ni maafa: 11 inakuwa fupi kuliko 20, safu inayumba kama foleni ya watu wasiosikilizana. Fonti nzuri huja na tarakimu za pili zilizofichwa ndani, zote zenye upana mmoja. Zitafuteni, ziwasheni. Kisha zipangeni zikiegemea kulia, mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi, kama mlivyofundishwa hesabu za kujumlisha darasa la kwanza. Halafu kila baada ya mistari kumi wekeni mstari mwembamba au kivuli hafifu, ili jicho likitoka kwenye namba 47 kwenda kumtafuta msanii upande wa pili lisiteremke likatua 48. Hayo tu. Hakuna atakayewasifia. Ila wiki mtakayokosea, simu zitalia.

Kuna jambo moja la kwetu sisi tunaoandika Kiswahili, na sioni likizungumzwa. Safu nyembamba za nyuma, zenye sentimita 4 na herufi ndogo, zinabeba herufi kama 28 kwa mstari. Lugha yetu ina maneno kama “walivyoshirikishwa”, herufi 18, zaidi ya nusu ya mstari kwa neno moja. Mkinyoosha safu pande zote mbili, mashine itaachanisha maneno yaliyobaki mpaka ukurasa uwe na mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka sita. Acheni upande wa kulia ujipange wenyewe bila kunyooshwa. Na kama lazima neno likatwe, mwambieni mashine kwamba silabi zetu nyingi huishia na irabu: wa-li-vyo-shi-ri-ki-shwa. Programu iliyowekewa kanuni za Kiingereza haijui hilo. Nimeona “inang'ara” imekatwa kabla ya ritifaa, “inang” imebaki juu, na mstari wa chini umeanza na alama ile peke yake kabla ya “ara”, kama mdudu aliyetua kwenye karatasi. Mwandishi wa wimbo ule alikuwa ametafuta neno hilo usiku kucha.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo simu za mkononi nitazigusa tu. Mtaambiwa jarida la karatasi limekufa. NME iliacha kuchapwa kila wiki mwaka 2018, Q ilifungwa 2020, sibishi. Rafu imekwenda, na sheria zake zimekwenda nayo: kwenye skrini hakuna theluthi ya kushoto ya kulindwa, hakuna mshono wa kumeza waimbaji, hakuna kurasa mbili za kutazamana. Sasa toeni simu, fungueni programu yoyote ya muziki. Mnaona nini? Mraba mdogo kushoto. Pembeni yake mstari mzito, chini yake mstari uliofifia. Namba zilizonyooka. Hakuna santuri tena wala jalada la kushika mkononi, hakuna sababu yoyote ya kimaumbile wimbo uwe na mraba, na bado mraba upo. Huo ni ukurasa wetu wa uhakiki na ukurasa wetu wa chati, vimehamia humo karibu vilivyo. Wamebadilisha kitu kimoja, wameweka wimbo juu na msanii chini. Nimelifikiria sana hilo. Nadhani ni kwa sababu msomaji wa jarida alikuwa anamtafuta mtu, na mwenye simu tayari anasikiliza kitu anataka kujua kinaitwaje.

Mezani kwenu kuna kurasa nne za uhakiki nilizozikata kwenye majarida manne tofauti, na rula. Nimefuta majina ya majarida. Pimeni mraba, kisha pimeni safu, kisha hesabuni ni mahali pangapi msanifu alikosa nafasi akaminya herufi ili maneno yaingie. Kwenye mmoja wa kurasa hizo kuna jalada la albamu lililokatwa milimita mbili upande wa kulia. Tukirudi kutoka mapumzikoni nitauliza ni lipi.